Kabini ya Sala Iliyofuata Uzio

Wadogo zangu, juzi nimepita kando ya barabara kuu hapa Voi nikawakuta mkishusha nyumba ya kiwandani kutoka kwenye trela, ile yenye kuta nyeupe na madirisha yake tayari, na nikasimama kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Mmoja wenu akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Kwanza hilo neno mzee bado sijalizoea, maana moyoni mimi ni yule yule kijana wa zamani. Pili, sikuwa namtafuta mtu. Nilikuwa nayatazama matofali mliyoyapanga chini. Nikawauliza nani kati yenu ana kadi ya ufungaji, mkacheka, mkasema kadi ya nini, nyumba si inakaa tu.

Nyumba haikai tu. Nyumba inakalishwa. Ningewaambia pale pale, lakini vumbi lilikuwa jingi na nyinyi mlikuwa na haraka, nami nikianza habari za Dubai sijui kunyamaza. Mke wangu ni shahidi. Kwa hiyo nimeandika. Someni mkiwa mmekaa, na mkiona nimerukia mambo huku na huku nivumilieni. Shule mimi niliishia darasa la nane.

Kazi yangu ilikuwa kuweka kabini. Miaka ile ya elfu mbili Dubai ilikuwa inapanda juu kila kona, na kila ghorofa mnaloliona kwenye picha lilitanguliwa na kabini zake: ofisi ya mhandisi, stoo ya saruji, jiko, vyumba vya kulala vibarua. Zinatoka kiwandani zikiwa nzima, zinabebwa na trela, zinashushwa na kreni, halafu sisi tunazifunga. Watu wanayasifu maghorofa na wana haki. Sisi tulikuwa tunawawekea makazi wanaoyajenga.

Lakini sikuanza hivyo. Nilikwenda kama askari wa kulinda, kwenye eneo moja la ujenzi kule Marina. Nilikaa kwenye kijikabini kando ya geti, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa ndoto nyingi, nilijichagulia dirisha kwenye kila ghorofa lililokuwa linapanda. Pale nitaweka meza. Pale atakaa Wakesho anichambulie mchele huku anatazama maji. Wakesho ni huyo mke wangu. Tulikuwa tumeoana tu, na nilimwacha Wundanyi akiwa na ujauzito wa mtoto wetu wa kwanza.

Kijikabini changu kilikuwa na tabia. Upepo ukivuma, kinatikisika, na birika langu la umeme linatembea taratibu juu ya meza mpaka ukingoni. Nilikuwa nalirudisha kama mtu anayechunga mbuzi. Siku moja akaja mzee mmoja mwembamba na pikapu, amevaa kofia ya kiua iliyofifia, akalitazama birika likitembea, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili kile cha Unguja kilichonyooka, "Yakhe, nyumba yako imekaa juu ya mchanga. Mchanga haukai kitako, una safari zake. Hebu njoo n'shikie huku."

Huyo ndiye Ami Khamis. Alizaliwa Unguja, akaja Dubai kijana, na aliishi Deira na dada yake. Aliniwekea mkononi ncha ya mpira mrefu mwembamba uliojaa maji ya chai, naye akaenda na ncha ya pili upande wa nyuma. Maji yakapanda huku, yakashuka kule, yakatulia. Akaniambia nichore alama ukutani yalipotulia. Naye akachora yake. Kisha akanionyesha kwamba kijikabini changu kilikuwa kimeinama upande mmoja kiasi cha kiganja, na mimi kwa miezi yote ile nilikuwa naishi mlimani bila kujua.

Nilifurahi mpaka akashangaa. Nilimwuliza maswali hadi akasahau kuondoka. Mkataba wangu wa ulinzi ulipokwisha, Ami aliniombea kazi kwenye kampuni yake ya Al Quoz, nikaingia kama helpa. Sijawahi kumlipa hilo na sijui ningemlipa kwa kitu gani.

Sasa mpira wa maji, maana najua siku hizi mna mashine ya mwanga mwekundu, mnabonyeza tu. Nzuri. Nimeitumia miaka yangu ya mwisho na sina ugomvi nayo. Lakini betri ikiisha mtanikumbuka. Mpira uwe mwangavu. Maji mtie chai au rangi yoyote ili yaonekane juani. Na kabla ya kupima, uinue mpira wote mbele ya macho yako, uutazame kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama kuna povu la hewa ndani. Mimi niliuliwa na povu moja. Tulikuwa tunaweka safu ya kabini za kulala, mimi nikajiamini, sikutazama. Zote zikakaa zimeinama kidogo kuelekea barabarani, zimeinama kwa pamoja, kwa adabu, kama watu wanaosalimia mfalme. Macho hayaoni kitu cha namna hiyo. Milango ndiyo iliyoona. Kila mlango ukiuachia, unafunguka wenyewe. Mnepali mmoja alikuwa anaufunga wa kwake kwa kamba ya kiatu, anatembea mguu mmoja umefungwa na mwingine uko wazi. Nilipokwenda kuuliza kwa nini, akanipa ile kamba mkononi, nikaelewa. Tulizinyanyua zote upya kwa jeki, na yeye akatuletea chai.

Nilipoanza, kabini iliwekwa na yeyote mwenye jeki na mgongo. Kisha kanuni zikaja. Viguzo vikae juu ya zege. Kila pembe ifungwe nanga kwa mkanda wa chuma, kwa sababu kabini tupu ni nyepesi kuliko unavyodhani na upepo wa kule haubembelezi. Waya wa kupeleka umeme ardhini. Nafasi baina ya kabini na kabini isipungue kipimo, ili moto usiruke. Mlango ufunguke kwa nje. Mkaguzi akiridhika anabandika stika ya kijani mlangoni, na kuanzia hapo nyumba haisogezwi hata unywele bila yeye kuitwa tena. Juu ya yote hayo, hakuna kabini kuwekwa bila fundi mwenye kadi kuwepo pale na jina lake kuandikwa.

Tulinung'unika, nawaambia. Hasa ule mlango. Kabini nyingi za zamani zilifunguka kwa ndani na tulitakiwa kuzigeuza zote. Nikamwambia Ami kwamba hawa watu wa ofisini wanatutafutia kazi tu. Hakubishana. Alinichukua mpaka kabini moja ya zamani ya kulala, akaniambia nipande kitanda cha juu cha mwisho kabisa, nilale. Nikalala. Akasema, "Sasa hapa mna moshi. Shuka, utoke."

Nikashuka nikicheka. Kulikuwa na masanduku, viatu, ndoo, majiko, suruali za kuning'inia. Nikafika mlangoni nikaushika kuuvuta, na wakati ule ule Ami akaniegemea mgongoni kwa nguvu zake zote. Nikabanwa kifua kwenye mlango. Mlango unataka kuja kwangu, mimi nasukumwa kwake. Hautoki. Mzee yule hakuwa na uzito wa gunia, lakini sikuweza.

"Huyu ni mimi peke yangu," akaniambia sikioni. "Na humu wanalala wengi."

Sikunung'unika tena juu ya kanuni. Wala nyinyi msinung'unike mkiletewa za hapa kwetu.

Basi nikaitaka ile kadi. Niliitaka kwa sababu ya kazi, ndiyo, lakini niseme ukweli wa moyo. Mtoto wetu alikuwa ameshazaliwa, msichana, tumemwita Mghoi, na mimi nilikuwa namjua kwa sauti ya kilio tu kwenye simu. Helpa hakuweza kuleta familia. Fundi mwenye kadi, kampuni yetu ilimbadilishia cheo kwenye viza, na mwenye cheo kile aliweza kumwombea mke na mtoto wake. Kwa hiyo kadi ile kwangu haikuwa plastiki. Ilikuwa mlango wa uwanja wa ndege unaofunguka na Wakesho anatoka na mtoto mgongoni. Nilimwambia hivyo kwenye simu, naye akaanza kuulizia kama Dubai kuna baridi, amshonee mtoto sweta au asishone.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Unapewa kabini moja ya kweli, kwenye eneo la kweli, na kikosi cha kuongoza. Mkaguzi anakuwepo. Fundi aliyekufundisha anaruhusiwa kukaa na kutazama, maana jina lake ndilo linalosimamia kazi, lakini akifungua mdomo kukuelekeza, mtihani umekufa. Ukishamaliza unamwambia mkaguzi "khalas," na baada ya neno hilo hugusi kitu. Yeye anapima, ama unapita ama hupiti, na ukishindwa unasubiri mpaka waite watu tena, ambayo ni muda mrefu, hakuna anayejua lini.

Nilipewa kempu mpya ya vibarua pembezoni mwa Al Quoz. Ilikuwa msimu wa baridi, jua la kistaarabu. Kabini yangu ilikuwa ya sala. Ukitazama kwa nje ni kama nyingine zote, ila ndani haina vyumba na ubavuni ina mabomba ya kutawadhia. Mkaguzi alikuwa mhandisi Msudani, mrefu, mtulivu, tulimwita Bashmuhandis, ndivyo Waarabu wanavyomwita mhandisi kwa heshima. Alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki ndio wanaotisha kwenye mtihani, maana huwezi kumlaumu.

Asubuhi nilipima kwa kufuata mchoro. Mchoro ulizipanga kabini zote sambamba na uzio, na mimi nikaufuata kama Maandiko. Nikavuta kamba, nikapanga matofali ya zege, nikautazama mpira wangu kama una povu mara nyingi hata vijana wa kikosi wakanicheka. Ami Khamis alifika mchana pamoja na trela lenye kabini. Adhuhuri ikaingia, yeye na watu wa kempu wakatandika maboksi kando ya geti wakasali, mimi nikila mkate na maharage huku nimesimama. Kisha kreni ikafika.

Mwendeshaji wa kreni alikuwa Mpathani anayeitwa Gul Khan, ndevu nyekundu za hina, na kwake hakuna aliyekuwa na jina. Kila mtu aliitwa nchi yake. "Yalla, Kenya," akaniambia, akainyanyua kabini kama mama anavyomwinua mtoto aliyelala. Niliiongoza kwa mikono, kidogo kushoto, taratibu, chini, chini. Ikakaa. Sikuwahi kuona kabini ikikaa vile. Nikapima pembe zote, maji yakatulia palepale kwenye alama. Tukafunga nanga, tukakaza mikanda mpaka ikalia ukiigonga. Waya, sawa. Mlango unafunguka nje na ukiuachia unabaki ulipo. Nikaenda kwenye gari la Bashmuhandis nikagonga kioo, nikasema, "Khalas, sir."

Akatoka na tepu yake, akaanza kupima. Mimi nikasimama kando, mikono nyuma, nimeshafika uwanja wa ndege kwa mawazo.

Hapo Ami Khamis, ambaye wakati wote alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki bila kutoa hata kikohozi, akainuka. Akaenda kwenye pikapu akachukua mkeka wake, akaja akautandika mchangani ubavuni mwa kabini, hatua chache mbele yangu, akavua viatu, akaanza kusali.

Niliguswa. Nikadhani ananiombea. Macho yakaanza kunilowa, na kwa aibu ya kulia mbele ya kikosi nikatazama chini, nikautazama mkeka.

Mkeka na ukuta vilikuwa vimeachana kama mkasi uliofunguka.

Nikatazama tena, nikidhani mzee ameutandika kwa haraka. Lakini Ami hakuwa mtu wa kutandika kitu chochote kwa haraka. Alikuwa anaelekea Makka. Kabini yangu ilikuwa inaelekea kwenye uzio.

Nielezeni mngeelewaje nyinyi. Mimi ni Mkristo, kanisani kwetu watu wanaketi kutazama mimbari, ilipo ndipo ilipo. Miaka yote niliyofanya kazi na Ami tuliweka kabini nyingi za sala, na kila mara nilikuwa najaza mpira maji kwenye bomba, nikirudi nakuta yeye ameshapigilia vigingi na kuvuta kamba, na nyumba inakwenda upande tofauti na wenzake. Sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya ardhi, labda chini kuna bomba. Na mchoraji hakukosea kitu. Ofisini walijua Ami ataigeuza, kama alivyoigeuza siku zote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba igeuzwe. Jambo lile lilikuwa linakaa kichwani mwa mtu mmoja, na siku ile mtu yule alikuwa haruhusiwi kusema.

Sasa fikirini kabini, ndefu na nyembamba. Ikielekea vizuri, watu wanajipanga safu ndefu kutoka ukuta hadi ukuta na wote wanaingia. Ikiwa imepinda, watasimama kimshazari, safu fupi fupi, pembe zote tupu, na wengine watabaki nje juani wakati ndani kuna nafasi. Wataweza kusali, ndiyo. Watu wa kempu wanaweza kila kitu. Lakini kila siku, kila sala, watasimama kwa kupinda ndani ya nyumba niliyoiweka mimi, nzuri hivyo, iliyonyooka hivyo.

Bashmuhandis alikuwa ameshamaliza. Kila alichotakiwa kukiangalia kilikuwa sawa, na katika vyote hivyo hakuna kilichouliza nyumba inatazama wapi. Akatoa stika ya kijani. Nikajua ikishabandikwa, nanga zimefungwa, kreni imeondoka, hakuna arbab, yaani tajiri mwenye kampuni, atakayeita kreni tena kwa sababu ya kona. Nilimwona Mghoi ninayemjua kwa sauti tu. Nikamwona Wakesho na lile sweta.

"Sir," nikasema, "naomba usibandike."

Akageuka. Akaniuliza kuna nini, nami sikuwa na Kiarabu wala Kiingereza cha kuelezea, nikanyoosha mkono kwenye mkeka, kisha kwenye ukuta. Akatazama. Naona kama hata yeye aliona ndiyo kwanza, kwa kuwa alikuja na macho ya kupima siyo ya kusali.

"Huyu mzee amekwambia?"

"Hapana, sir. Anasali."

Mdomo wake ukacheza kidogo, akauzuia. Akaniambia polepole, ili nielewe kila neno, kwamba nilishasema khalas. Akisaini kama ilivyo, nimepita. Nikiigusa, hana cha kuandika ila kwamba nimeshindwa, na yeye hawezi kuandika kisichokuwa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananipa nafasi ya kufikiri.

Sikufikiri sana, maana ningefikiri ningebandikiwa. Nikakimbia kumzuia Gul Khan, ambaye alishaanza kukunja mkono wa kreni. Akachungulia dirishani akauliza Kenya ana nini tena. Nikamwonyesha mkeka. Gul Khan akautazama, akautazama ukuta, akazima sigara yake. Kreni ikaanza kujikunjua.

Bashmuhandis akaandika alichotakiwa kuandika, akamgeukia Ami ambaye alikuwa anatoa salamu ya mwisho, akamwambia mtihani umekwisha. Ebwana. Kumbe mzee alikuwa amefunga maneno tangu mchana kama maji nyuma ya bomba. Alisimama akaanza: kofia yangu iko wapi, kwa nini nimekula nimesimama, mikanda nimekaza sana itakatika jua likichacha, na vijana hawa wanashangaa nini, wabebe matofali. Tulifungua nanga, tukavuta kamba upya, yeye akipigilia vigingi na safari hii mimi niko pembeni yake, natazama kila kitu. Watu wa kempu wakatoka kwenye vyumba vyao wakabeba matofali bila kuombwa. Ncha ya pili ya kamba ilishikwa na Bashmuhandis, na tai yake ameitupia begani.

Alasiri ilipoadhiniwa nyumba ilikuwa imekaa. Stika ya kijani ikabandikwa kwa jina la Ami Khamis, mwenye kadi. Zulia lilikuwa bado, wakatandika maboksi yao, wakaingia. Mimi nilibaki nje na viatu. Mlango ulikuwa wazi, nikaona migongo imejipanga kutoka ukuta hadi ukuta, Bashmuhandis katikati yao, Gul Khan mwishoni na ndevu zake, na hakuna pembe iliyobaki tupu. Nilishindwa siku ile, wadogo zangu, na sijawahi kuiona kazi yangu ikiwa nzuri namna ile.

Lakini ilibidi nimwambie Wakesho. Nilinunua kadi ya simu dukani, nikajificha nyuma ya makreti ya soda, nikamweleza yote, na mkeka na uzio. Nilimsikia mtoto nyuma yake anaongea maneno yake yasiyo na maana.

"Kwa hiyo hatuji," akasema.

"Si sasa."

Akauliza, "Na hao watu, wanasali vizuri sasa?"

"Wanasali vizuri."

"Basi," akasema. "Utajaribu tena. Sweta nitaliongeza mikono."

Nilikaa nyuma ya makreti yale muda mrefu. Watu wananiuliza nimerudi na nini kutoka Dubai. Sina ghorofa. Lakini mwanamke aliyesema maneno yale anakaanga mihogo hapo jikoni ninapoandika, na ninamshukuru Mungu kwa harufu yake.

Walipoita watu tena nilipewa kabini ya ofisi, na Bashmuhandis ni yule yule. Nikafunga kila kitu, nikasema khalas. Kabla hata ya kutoa tepu akaniuliza, uso mkavu, "Hii inaelekea wapi?"

Nikamwambia, "Hii ya mameneja, sir. Inaelekea kiyoyozi."

Ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake. Nilipita. Na Wakesho alipotoka pale uwanja wa ndege, Mghoi hakuwa mgongoni tena, alikuwa anatembea kwa miguu yake na sweta lenye mikono mirefu, ndani ya joto lile. Aliponiona alijificha nyuma ya sanduku. Ilinichukua biskuti nyingi kukubaliwa.

Kwa hiyo mkiweka nyumba, timizeni kanuni zote, zote, hata ile mnayoiona ya kijinga. Halafu mkimaliza, kabla ya kusema khalas, muulizeni atakayeishi humo anataka kuutazama upande gani. Darasa, ulizeni mwalimu ubao utakaa wapi na jua linapigia wapi. Zahanati, ulizeni wagonjwa watangojea kivuli upande upi. Anayeishi ndani anajua mambo ambayo hayajaandikwa kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Nimebakiza jambo moja. Nilipofunga mizigo kurudi nyumbani kabisa, nilikwenda Deira kumuaga Ami Khamis. Alikuwa ameshaacha kazi, macho yamepungua nguvu, dada yake ametupikia mkate wa kumimina. Nikaona nisiondoke na lile swali.

"Ami," nikamwambia, "siku ile ya mtihani wangu, ulisali ili nione?"

Akaonekana kama mtu aliyeonewa. "Nani? Mimi? Mimi nilisali adhuhuri yangu, wakati ulikuwa umeingia."

Nikamkumbusha kwamba adhuhuri alikuwa ameshaisali kando ya geti pamoja na watu wa kempu, kabla kreni haijafika, na mimi nilikuwepo nakula mkate nimesimama.

Akanitazama. Akachukua kisu, akanikatia kipande kingine cha mkate, kikubwa, akakisukuma mbele yangu.

"Basi hizo," akasema, "zilikuwa za sunna."